Tegu wa nguruwe hana wizara

Ukitaja nguruwe kijiweni, haupiti muda mrefu kabla mtu hajasema nyama yake inaleta saratani ya tumbo. Anayebisha ataonyeshwa video kwenye simu: nyama imemwagiwa soda, eti minyoo inachomoza. Wengi wanaosambaza mambo hayo hawana nia mbaya. Wanadhani wanawaokoa ndugu zao. Lakini hofu ya umma haina tofauti na bajeti ya umma: ikitumika yote kwenye jambo dogo, jambo kubwa hukosa fungu. Ndivyo ilivyotokea kwa nguruwe. Tunamwogopa kwa ugonjwa ambao ushahidi dhidi yake ni mwembamba, na tumemnyamazia kwenye ugonjwa ambao ushahidi wake umejaa maktaba za vyuo vyetu wenyewe.

Tuanze na hiyo saratani ili tuimalize. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka nyama zilizosindikwa, yaani soseji, bekoni na jamii yake, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya utumbo mpana. Makadirio yake ni kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari kwa takriban asilimia 18. Nyama nyekundu isiyosindikwa iliwekwa kundi la chini yake, la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kwenye kundi hilo nguruwe amekaa benchi moja na ng'ombe, mbuzi na kondoo, na hakuna aliyetengewa kiti chake. Anayeacha kitimoto kwa kuogopa saratani kisha akahamia kwenye soseji ya ng'ombe kila asubuhi hajapunguza chochote, pengine ameongeza.

Na kama ni saratani za njia ya chakula tunazozitafuta Afrika Mashariki, inayotuumiza kwa namna ya pekee ni ya umio, ule mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kuna ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani hii iko juu kuliko sehemu nyingi za dunia, na inawapata hata watu wenye umri mdogo. Watafiti wanaoichunguza Eldoret, Moshi na Blantyre wanaangalia pombe, tumbaku, moshi na chai ya moto kupita kiasi. Mwaka 2016 IARC iliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi lilelile la nyama nyekundu, na utafiti uliofanywa Kilimanjaro ulikuta watu wanaanza kunywa chai yao ikiwa, kwa wastani, juu ya nyuzi 70. Kikombe hicho hakuna anayekitengenezea video.

Haina maana kwamba maambukizi hayasababishi saratani. Yanasababisha, na aliyetufungua macho kwa upande wa tumbo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyeoteshwa maabara kwa mara ya kwanza mjini Perth, Australia, mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren. Kabla ya hapo vidonda vya tumbo vilihesabiwa kuwa vya mawazo na pilipili. Mwaka 1994 bakteria huyo aliwekwa kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Nguruwe naye ana wake, Helicobacter suis, anayeishi tumboni mwake na ambaye mara mojamoja hukutwa kwa binadamu akihusishwa na uvimbe wa ukuta wa tumbo na aina adimu ya saratani ya tezi. Ni jambo la kweli na linastahili kufuatiliwa, lakini kwa wingi wa wagonjwa haliwezi kusimama bega kwa bega na Helicobacter pylori, ambaye watu huambukizana wenyewe kwa wenyewe, mara nyingi wakiwa bado watoto nyumbani.

Sasa kwenye lile tusilolisema. Tegu wa nguruwe, kwa jina la kitaalamu Taenia solium, huishi ndani ya utumbo mwembamba wa binadamu, akafikia urefu wa mita kadhaa, na mwenye kumbeba anaweza kukaa naye miaka asijue. Kila baada ya muda pingili zake hukatika na kutoka na kinyesi, zikiwa zimebeba mayai kwa maelfu. Nguruwe aliyeachiwa kuzurura akila kinyesi hicho vichakani, mayai huanguliwa tumboni mwake, viluwiluwi vikapenya kwenye damu na kwenda kujificha kwenye misuli, vikageuka vifuko vyeupe vyenye maji, ukubwa wa punje ya mahindi au pungufu. Binadamu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu mkubwa tumboni, na mzunguko unaanza upya. Hadi hapo ni kero zaidi kuliko msiba. Msiba unakuja pale binadamu anapomeza mayai badala ya nyama, kutoka kwenye mikono ya mtu mwenye tegu, maji au mboga zilizochafuliwa. Mwili wake unafanywa kama wa nguruwe: viluwiluwi hutafuta pa kukaa, na wakati mwingine hukaa kwenye ubongo. Matokeo yake, mara nyingi, ni kifafa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwenye maeneo mengi yenye ugonjwa huu, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa sababu ya tegu huyu, na kwenye jamii zilizo hatarini zaidi idadi inaweza kufika asilimia 70. Katika ripoti iliyotoka mwaka 2014, wataalamu waliokusanywa na shirika hilo pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, waliwapanga vimelea 24 wanaopitia kwenye chakula kwa uzito wa madhara yao duniani, na tegu wa nguruwe akashika namba moja. Kwetu hapa Tanzania, uchunguzi wa picha za CT kwa wagonjwa wa kifafa waliohudhuria hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta takriban mmoja kati ya kila sita ana alama za vifuko kwenye ubongo. Wilayani humohumo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikuwa wamekwisha kuwapima nguruwe 770 wakiwa hai na kukuta asilimia 17 wana vifuko kwenye ulimi. Makadirio mengine yaliyofanywa kwa mwaka 2012 yalionyesha ugonjwa huu uliigharimu Tanzania karibu dola milioni 5 kwa upande wa wagonjwa wa kifafa, na karibu dola milioni 3 kwa upande wa nguruwe. Hizo ni fedha tu. Hazihesabu mtoto aliyefungiwa ndani kwa sababu majirani wanaamini povu lake linaambukiza, wala binti aliyeachishwa shule, wala mama aliyeanguka motoni akipika.

Kwa nini jambo lenye ushahidi wa namna hii halina mwenyewe? Jibu langu ni kwamba limedondoka katikati ya ofisi mbili. Kwa bwana mifugo, nguruwe mwenye vifuko si mgonjwa: anakula, ananenepa, anazaa, na hata akichinjwa anaweza kuonekana mnene kuliko wenzake. Mfugaji haji kulalamika kwa sababu hajapoteza mnyama. Kwa daktari wa watu, mgonjwa aliyeletwa akiwa anatetemeka ni wa kifafa, anapewa fenobabitoni au kabamazepini, na jalada linafungwa. Chanzo kiko bandani, na banda si sehemu yake ya kazi. Kila upande unaweza kuthibitisha kwa haki kabisa kwamba mzigo mkubwa ni wa mwenzake. Tanzania ilipopanga orodha ya magonjwa ya wanyama yanayoambukiza watu yatakayopewa kipaumbele, mwaka 2017, sita yalichaguliwa, yakiwemo kichaa cha mbwa, kimeta, brusela na malale. Yote yanastahili. Tegu wa nguruwe hakuwemo.

Linganisha na homa ya nguruwe ya Afrika. Huu ni ugonjwa wa virusi ulioelezwa kwa mara ya kwanza na mtafiti Montgomery nchini Kenya, mwaka 1921, unaua karibu kila nguruwe unayempata, na haumwambukizi binadamu kabisa. Ukiingia wilayani, ndani ya siku chache kuna karantini, vizuizi barabarani, tangazo redioni na nguruwe wanazikwa. Sisemi ifanyike vinginevyo, kwani mfugaji anayepoteza nguruwe wake wote kwa wiki moja amepoteza ada ya shule na bima yake. Nasema tu kwamba kasi hiyo inaonyesha uwezo upo pale hasara inapoonekana kwa macho. Na hofu isiyopimwa nayo ina gharama yake. Mwaka 2009, dunia ilipokumbwa na mafua yaliyopewa jina la nguruwe, Misri iliamua kuchinja nguruwe wake wote, takriban 300,000, wakati virusi hao walikuwa wakienezwa na watu kwa kukohoa. Nguruwe wale ndio waliokuwa wakila mabaki ya chakula yaliyokusanywa na wazoa taka wa Cairo. Mafua yaliendelea, na taka zikarundikana mitaani.

Wapo watakaosema hili ni tatizo la walaji wa nguruwe, na nchi yenye Waislamu wengi haiwezi kulifanya la kitaifa. Hoja hii inasikika sana, na kwa ukanda wa pwani inaonekana ina mantiki. Lakini rudi kwenye mzunguko: kifafa kinatokana na mayai, na mayai yanatoka kwa binadamu mwenye tegu, si kwenye nyama. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa wanne wenye vifuko kwenye ubongo kutoka jamii ya Wayahudi wa Orthodoksi mjini New York, watu ambao nyama ya nguruwe haikanyagi kwenye nyumba zao. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka Amerika ya Kilatini, ambako tegu huyu yupo kwa wingi. Mmoja wa waliopimwa alikutwa naye. Mpishi, muuza kachumbari, msaidizi wa nyumbani au mwanafunzi mwenza bwenini, yeyote kati yao anaweza kumbeba tegu bila kujua. Kujiepusha na nyama kunakukinga na tegu wa tumboni. Hakukukingi na mkono wa mwenzako usionawa.

Kwa sababu hiyohiyo ushauri wa "pikeni nyama iive" ni wa kweli na hautoshi. Unamlinda mlaji, na kwa kumlinda unakata kipande kimoja cha mzunguko. Haumgusi mtu ambaye tayari ana tegu, wala yule jirani atakayemeza mayai kesho kwenye mchicha.

Hoja nzito zaidi ni ya vyoo. Kama kila kaya ingekuwa na choo na kukitumia, na kila nguruwe akawa bandani, tegu angekufa njaa ndani ya kizazi kimoja. Sehemu kubwa ya Ulaya ilimwondoa kwa njia hiyo, pamoja na ukaguzi wa nyama, bila dawa wala chanjo. Kwa hiyo, wanauliza, kwa nini tusiweke fedha zote kwenye vyoo? Vyoo vijengwe, na havina haja ya tegu ili kuhalalishwa. Kuhara na kipindupindu vinatosha. Lakini mtu anayehubiri vyoo peke yake anaahirisha. Nguruwe anaachiwa kuzurura kwa sababu pumba ni ghali, na msimu wa kiangazi, shamba likiwa halina mazao ya kuharibu, mwenye nguruwe anaona hasara kumfungia na kumlisha. Utafiti wa elimu ya afya uliofanywa Mbulu ulionyesha kwamba watu wakifundishwa, maambukizi kwa nguruwe hupungua, jambo la kutia moyo. Lakini ufugaji wa bandani haukuongezeka kwa kiasi cha kuridhisha. Watu walielewa. Walichokosa ni chakula cha nguruwe.

Ndipo inapokuja sehemu ambayo watafiti wa wanyama wamekwisha kuifanya na sisi tumeiacha rafuni. Ipo dawa iitwayo oxfendazole ambayo, kwa dozi moja ya miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa nguruwe, inaua vifuko kwenye misuli. Ipo chanjo, TSOL18, iliyotokana na kazi ya Marshall Lightowlers na wenzake mjini Melbourne, inayomkinga nguruwe asiambukizwe tena baada ya dawa kumsafisha. Inatengenezwa kibiashara India. Na upo ushahidi kwamba zana hizi zikiunganishwa zinafanya kazi nje ya maabara. Mkoani Tumbes, kaskazini mwa Peru, watafiti waliwatibu watu na nguruwe pamoja, wakawachanja nguruwe, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016 walieleza kwamba maambukizi yalikoma kwenye vijiji 105 kati ya 107. Ni eneo la watu zaidi ya 80,000 na nguruwe zaidi ya 55,000, si kijiji cha mfano kilichopambwa kwa ajili ya wageni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikosi cha kimataifa kinachochunguza magonjwa yanayoweza kufutwa duniani kilimhesabu tegu huyu kuwa anaweza kufutwa. Kilichokosekana tangu hapo si ujuzi.

Neno "pamoja" katika habari ya Tumbes ndilo lenye uzito. Ukiwatibu watu bila nguruwe, watarudi kuambukizwa kwenye bucha. Ukiwatibu nguruwe bila watu, mbeba tegu mmoja ataendelea kuwalisha. Na ukiwatibu watu bila kushauriana na wanaojua ubongo, unaweza kudhuru: prazikwanteli, dawa tunayogawa mashuleni kwa kichocho, inaua tegu wa tumboni lakini hufika pia kwenye ubongo, na mtu mwenye vifuko asivyovijua anaweza kuanguka kifafa baada ya kuimeza. Ndiyo maana Peru walitumia niklosamidi, ambayo haifyonzwi kutoka tumboni. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi na mtu mmoja kwenye ofisi moja. Hata historia ya Helicobacter ina funzo hilo: Barry Marshall alijaribu kwanza kuwaambukiza nguruwe wachanga, akashindwa, na mwaka 1984 akawanywa bakteria hao mwenyewe hadi akaugua. Miaka michache baadaye watafiti wa wanyama huko Ohio waliwalea nguruwe wachanga katika mazingira yasiyo na kijidudu chochote, wakawaambukiza, na ugonjwa ukatokea. Dunia ilimkumbuka daktari aliyekunywa glasi. Waliojua jinsi ya kulea nguruwe hawatajwi.

Ni kweli pia kwamba si kila kifafa ni cha tegu. Kule Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960, tafiti za karibuni zinaelekeza zaidi kwenye usubi, na kwingineko kuna ajali za uzazi, malaria ya kichwani na mengine. Anayedai tukimwondoa tegu wodi za kifafa zitabaki tupu anaongopa. Lakini kati ya visababishi hivyo, vichache vina dozi moja ya dawa inayoweza kutolewa bandani, mbali na hospitali, kwa mnyama ambaye hataishi zaidi ya mwaka mmoja au miwili.

Kikwazo cha mwisho ni soko, na hapa ndipo ningependa wachumi wetu waweke akili. Mnunuzi wa nguruwe anapofika kijijini, kipimo chake ni kimoja. Nguruwe hulazwa ubavu, kijiti kikapitishwa kati ya meno, ulimi ukavutwa nje kwa kitambaa, kisha kidole kikatelezeshwa chini yake kutafuta uvimbe. Akikuta, anashusha bei au anaondoka. Kipimo hicho kinakamata wale walioambukizwa sana tu. Wenye vifuko vichache hupita. Na aliyekataliwa hafi. Huchinjwa usiku, au huuzwa kijiji cha jirani ambako mkaguzi hafiki, na mfugaji mkweli ndiye anayebeba hasara peke yake. Kwa mpangilio huo, mfugaji hana sababu ya kutoa taarifa hata akijua. Dawa nayo haimsaidii ikitolewa siku ya mauzo, kwa sababu nyama inahitaji wiki kadhaa kuisha dawa, na vifuko vilivyokufa huchukua miezi kutoweka. Lazima itolewe mapema, wakati hakuna mnunuzi mlangoni na hakuna fedha mfukoni.

Kwa hiyo fungu la dawa hiyo halitatoka kwa mfugaji mwenye nguruwe wawili, na kumwachia yeye ni kuliua jambo kwa adabu. Faida inakwenda hospitalini, basi sehemu ya gharama itoke huko. Tangu mwaka 2018 kuna dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na lina mamlaka ya kuwakalisha mezani watu wa afya na wa mifugo. Liwape kazi ndogo inayopimika: wilaya tatu au nne za kuanzia, Mbulu ikiwa mojawapo, maofisa mifugo wawatibu na kuwachanja nguruwe kila baada ya miezi minne, vituo vya afya viwatafute na kuwatibu wabeba tegu katika vijiji hivyohivyo na kwa kalenda hiyohiyo, na gharama ya dawa ya nguruwe iandikwe kwenye bajeti ya afya, mstari wa kinga ya kifafa. Mhasibu atauliza kwa nini Wizara ya Afya inanunua dawa ya nguruwe. Ajibiwe kwa makadirio ya mwaka 2012.